Thurea ya Urujuani: Mtu Hununua Kioo au Hununua Khabari?

Limeletwa swali katika darasa yetu, nasi twaliona lafaa kujibiwa kwa urefu kuliko ilivyowezekana kikaoni. Swali lenyewe ni hili. Mtu amenunua thurea ya kioo cha rangi ya urujuani ili aitundike katika ukumbi wa nyumba aliyomjengea bintiye. Muuzaji alimwambia kuwa ni ya kale, imetoka Ulaya, na ya kuwa rangi yake haikutiwa na mtu, bali ni jua la miaka mingi lililoigeuza. Akalipa kwa khabari hiyo thamani ambayo asingaliilipa kwa taa mpya. Baadaye akaja mjuzi wa vioo akamwonyesha kuwa rangi ile si ya jua wala si ya miaka. Taa ni ile ile. Yawaka, yapendeza, na bintiye aipenda. Jee, amedhulumiwa? Na kama amedhulumiwa, amenyang'anywa kitu gani, hali ya kuwa hakuna kilichopungua mkononi mwake?

Baadhi ya waliohudhuria waliona kuwa hili ni jambo la matajiri, na mtu wa kipato kidogo halimhusu. Sisi hatuoni hivyo. Aliyeuziwa asali iliyotiwa shira ya sukari, na aliyeuziwa mti mkavu uliopakwa mafuta ukaitwa udi, na aliyenunua thurea hii, wote wamesimama safu moja. Tofauti ni kuwa asali ya ghishi ulimi waweza kuijua, na udi wa ghishi pua yaweza kuujua ukishatiwa chetezoni. Lakini thurea hii haina kiungo cha mwili kinachoweza kuishitaki. Jicho lasema ni nzuri, na jicho limesema kweli. Ndiyo maana swali lake ni gumu zaidi.

Kwanza natuyajue majina. Thurea ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwao Thurayya ni zile nyota zilizokusanyika pamoja ambazo wakulima wetu huziita Kilimia. Aliyeziona taa nyingi zimening'inia mahali pamoja akazifananisha na nyota hizo, na jina likashika. Ama bilauri, asili yake ni jiwe la mwambani lililo safi kama maji. Kile kiitwacho kristali madukani si jiwe hilo. Ni kioo kilichotiwa risasi, ufundi ambao Mwingereza George Ravenscroft alipewa hati yake mwaka 1674. Nchi za Soko la Pamoja la Ulaya ziliweka sharti mwaka 1969 kuwa kioo kisiitwe kristali ya risasi mpaka kiwe na oksidi ya risasi asilimia 24. Basi hata jina la kristali ni la kuazima. Lakini hakuna anayedanganyika kwalo, kwani muuzaji na mnunuzi wote wawili wajua makusudio yake. Natulishike hilo, maana tutalihitaji: si kila jina lisilo la hakika ni uongo. Uongo huanza pale mmoja ajuapo na mwenziwe hajui, na yule ajuaye akala kwa kutojua kwa mwenziwe.

Ama rangi yenyewe, khabari yake ni ya ajabu, nasi tutakaa nayo kidogo. Kioo hufanywa kwa mchanga, magadi na chokaa, vikayeyushwa motoni. Magadi ya nchi yetu wenyewe, yatokayo katika ziwa la Magadi, yamekuwa yakipitia bandari ya Mombasa tangu mapema ya karne ya 20 kwenda kufanyiwa vioo katika nchi za mbali. Mchanga aghlabu huwa na chembe za chuma, na chuma hukipa kioo ukijani. Mafundi wa kale waligundua kuwa wakitia manganizi kidogo, ule ukijani hufifia na kioo huonekana cheupe; kwa hivyo wakaiita manganizi sabuni ya kioo. Mafundi wa Murano, kile kisiwa cha Venice, waliutumia ufundi huu katika karne ya 15 wakapata kioo safi kilichowatajirisha.

Lakini sabuni hiyo ina siri ndani yake. Kioo kikikaa juani miaka mingi, miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ile iitwayo urujuanimno, huigeuza hali ya manganizi iliyomo, na kioo kilichouzwa kuwa ni cheupe kikaanza kuwa na rangi ya zambarau changa. Katika mtaa wa Beacon Hill katika mji wa Boston, Marekani, ziko nyumba ambazo madirisha yake yalitiwa vioo vilivyotoka Uingereza baina ya mwaka 1818 na 1824. Vikageuka urujuani, na hata leo watu huenda kuvitazama. Mwanachuoni Michael Faraday wa London aliliandika jambo la kugeuka kwa vioo hivi katika miaka hiyo hiyo ya 1820. Fikiri basi, ewe msomaji: rangi inayotafutwa leo kwa bei kubwa ilikuwa ni kasoro. Aliyekifanya kioo kile alitaka kiwe cheupe, na jua likamwendea kinyume. Miaka ikapita, kasoro ikawa pambo.

Kisha, katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, viwanda vingi vikaacha manganizi vikatumia seleni, ambayo juani huelekea rangi ya asali, si ya zambarau. Kwa hivyo urujuani mwepesi wa kioo ukawa ni alama ya umri: aliyeuona alijua kuwa kioo hiki kilitoka katika tanuri kabla ya zama hizo. Na alama ikishakuwa na bei sokoni, haikawii kuja mwenye kuighushi. Siku hizi kioo cheupe cha zamani, ambacho peke yake chauzwa kwa fedha chache, huwekwa mbele ya miale ya gama itokayo katika kobalti, au chini ya taa kali za urujuanimno, kikapata kwa muda mfupi rangi ambayo jua lingaliifanya kwa makumi ya miaka; tena huwa nzito kuliko iwezavyo kuwa ya jua. Kioo hicho hakimdhuru mwenye kukaa nacho, wala miale haibaki ndani yake. Kilichobaki ndani yake ni ushahidi wa uongo.

Yafaa hapa tutaje jambo moja ambalo muulizaji angalilifikiria mapema lingalimfaa. Rangi ya jua hutaka jua. Dirisha lakaa juani, chupa iliyotupwa jangwani yakaa juani. Lakini thurea huning'inia katikati ya ukumbi, chini ya dari, na madirisha yamefungwa pazia. Basi ni jua gani hilo lililoipiga thurea kila upande, sawasawa, mpaka ndani ya vikonyo vyake? Ukiona thurea yote imekolea urujuani wa namna moja, yawezekana ni moja katika mambo mawili. Huenda fundi aliyeifanya alikusudia rangi hiyo tangu mwanzo kwa kuzidisha manganizi katika tanuri, na hiki ni kioo cha halali kilichozaliwa na rangi yake, kiwe ni cha kale au kipya. Au huenda imepelekwa kwenye miale. Ama kuwa jua limeupaka ukumbi uliofungwa, hiyo ni khabari ya kusimuliwa watoto.

Sasa natumjibu yule asemaye: maadamu jicho haliwezi kupambanua, hakuna madhara. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyodhaniwa, wala haifai kuitupa kwa hasira. Yeye asema: mtu hununua taa kwa mambo mawili, mwangaza na uzuri. Mwangaza upo. Uzuri upo. Kilichokosekana ni hadithi, na hadithi hailiwi wala haivaliwi. Lau yule mjuzi wa vioo asingalikuja, mnunuzi angaliishi na taa yake kwa furaha mpaka kufa. Basi aliyemdhuru ni mjuzi, si muuzaji!

Jawabu yake yataka tuitazame bei. Tuseme thurea mpya ya kioo cha namna ile, kwa ukubwa na umbo lile lile, huuzwa shilingi elfu hamsini, na hii imeuzwa laki mbili. Ile laki na nusu iliyozidi ililipiwa kitu gani? Haikulipiwa mwangaza, kwani mwangaza ni mmoja. Haikulipiwa uzuri, kwani mwenye hoja ndiye aliyesema kuwa uzuri ni sawa. Imelipiwa khabari tu. Basi hapa pana biashara mbili zilizofungwa katika mfuko mmoja: biashara ya kioo, na biashara ya khabari ya kioo. Katika ile ya kwanza kila mmoja alipata haki yake. Katika ile ya pili muuzaji alipokea fedha na hakutoa kitu, kwa sababu khabari ya uongo si khabari iliyo mbovu kama ndizi iliyooza. Haikuwapo tangu hapo. Asemaye kuwa hakuna kilichopungua mkononi mwa mnunuzi ameutazama mkono wenye taa, akasahau kuutazama mkono wa pili ulioshika fedha.

Na kule kusema kuwa lau asingalijua angalifurahi, twamwuliza naye: mtu akisengenywa nyuma yake asijue mpaka kufa, jee, hakudhulumiwa? Amana ya yatima ikiliwa na yatima asigundue kamwe, jee, haikuliwa? Kutojua hakuondoi dhuluma. Huondoa uchungu wake, na uchungu ni jambo jingine.

Maulamaa wetu wa madhehebu ya Shafi walilifikiri jambo hili zamani sana, kabla ya umeme na kabla ya kobalti. Mwenye kuisoma Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, atakuta katika milango ya khiyari suala la mnyama aliyeachwa asikamwe ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ni mwenye maziwa mengi. Hadithi yake ni mashuhuri, na mnunuzi amepewa haki ya kumrudisha mnyama huyo. Kisha Imam akayaunganisha na hilo mambo mengine: maji ya mfereji yaliyozuiliwa yakafunguliwa wakati wa kuuza ili yaonekane ni mengi, nywele za mtumwa zilizotiwa weusi, na uso uliopakwa wekundu. Yote hayo humpa mnunuzi khiyari.

Tazama ubora wa fikira hii. Maziwa yaliyomo katika kiwele kile ni maziwa kweli. Hakuna aliyeyatia maji. Na urujuani wa thurea yetu ni urujuani kweli. Hakuna aliyepaka rangi ya kubandika. Kilichoghushiwa si kitu, ni kile ambacho kitu chakishuhudia. Kiwele kilichojaa hushuhudia kuwa kesho pia kitajaa, na urujuani wa kioo hushuhudia kuwa miaka mia imepita juu yake. Muuzaji amemfundisha shahidi kusema uongo, kisha yeye mwenyewe akanyamaza.

Lakini upande wa pili, Sheikh Zainuddin wa Malabari katika Fat-hul Muin, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani hii wamekisoma, aeleza kuwa mtu aliyenunua kipande cha kioo kwa kudhani kuwa ni johari hana khiyari, ijapokuwa amepunjika kupunjika kukubwa. Sababu ni kuwa ameifuata dhana yake bila ya kutafuta hakika. Sharia haikuwekwa iwe yaya wa kila mwenye pupa.

Tofauti baina ya masuala haya mawili ndiyo inayomhusu muulizaji wetu. Katika lile la kwanza mkono wa muuzaji umefanya kazi, na katika la pili ni moyo wa mnunuzi peke yake uliojidanganya. Na muulizaji asema kuwa muuzaji alitamka kwa kinywa chake ukale wa taa na sababu ya rangi, na bei ikasimama juu ya tamko hilo. Basi hili si suala la johari na kioo. Sifa iliyoshurutishwa ikikosekana, mnunuzi ana haki ya kurudisha. Twaona kuwa ana haki ya kuirudisha thurea na kurudishiwa fedha zake, au kuiweka akaridhia. Na jambo hilo lataka haraka, asije akaitumia mwaka mzima ndipo akumbuke kuwa amedhulumiwa.

Ama lau muuzaji angalinyamaza tu, mnunuzi akajidhania mwenyewe, kwa kadhi asingalipata kitu. Lakini je, muuzaji yule angalikuwa salama? Hapa twapambana na rai ya wafanya biashara wengi, ambao husema: mimi sikusema neno, yeye ndiye aliyejisemea. Sisi twawakumbusha khabari ya yule mtu wa sokoni Madina ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alitia mkono katika chungu yake ya nafaka akakuta chini ni mbichi. Mtu yule hakuilowesha nafaka. Ilikuwa ni mvua. Wala hatukupokea kuwa alitamka uongo wowote. Alichofanya ni kuiacha iliyo kavu ikae juu. Na pamoja na hayo alikemewa makemeo ambayo kila mtoto wa chuoni ayajua. Basi anayeiona dhana ya mnunuzi yapotea mbele ya macho yake, akaiacha ipotee kwa kuwa yamletea faida, huyo ameiweka nafaka kavu juu.

Na yuko muuzaji wa tatu, naye ndiye aliye wengi zaidi: asemaye, nami niliambiwa hivyo hivyo na aliyeniuzia. Huenda asema kweli. Lakini khabari ina mwenyewe kila inapotoka kinywani, na Sura ya Al-Hujurat katika aya ya 6 imetuamrisha kuihakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi. Akitaka kujitoa, maneno ya kumtoa ni mepesi: aliyeniuzia adai kuwa ni ya kale, nami sijui. Mwenye kuyaona maneno haya kuwa ni mazito, uzito wake ni ule wa laki na nusu.

Mtu asifahamu kuwa twakataza kuiga ufundi wa kale. Katika misikiti ya Misri na Sham ya zama za Mamluki, karne ya 13 na ya 14, zilitundikwa taa za kioo zilizonakishiwa kwa rangi na dhahabu, na nyingi katika hizo ziliandikwa shingoni ile Aya ya Nuru ya Sura ya 24. Katika karne ya 19 fundi wa Paris, Philippe-Joseph Brocard, alizisoma taa hizo mpaka akaujua ufundi wake uliokuwa umepotea, akafanya zake kwa mfano huo, akazionyesha katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1867. Kazi zake nyingi alizitia jina lake. Leo taa ya Brocard ina thamani kwa jina la Brocard. Hakuhitaji kuiba umri wa mtu mwingine. Kwa hivyo thurea mpya ya urujuani iliyofanywa mwaka huu kwa mfano wa zile za babu zetu si haramu kuiuza wala si aibu kuitundika. Na lau muulizaji angaliambiwa hivyo, huenda angaliinunua vile vile kwa bei yake na bintiye angaliipenda vile vile.

Hapa yatupasa kumgeukia mnunuzi, kwani hadi sasa tumesema naye kama mtu asiye na lawama. Kwa nini aliutaka ule umri? Kioo kipya chawaka sawa. Wako wanaopenda vitu vya kale kwa kuwa vimefanywa kwa mkono na subira, na kwa kuwa vyawaunganisha na watu waliokwisha pita. Mapenzi hayo ni mema. Nyumba za Lamu na Pate ziliwekwa vyombo vya kaure vya Uchina katika zidaka zake, vikarithiwa. Wala si aibu kutumia kilichotumiwa na mwingine: historia ya shirika letu la umeme yasimulia kuwa Mombasa ilianza kupata umeme mwaka 1908 kwa mtambo ambao mfanya biashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliununua, uliokuwa kwanza ukiangaza jumba la Sultani wa Zanzibar. Lakini wako pia wanaotaka umri wa kitu ili mgeni auulize. Mtu wa namna hii hakununua taa. Amenunua swali la mgeni na jawabu yake mwenyewe. Naye ni mwepesi kudanganywa kuliko wote, kwa kuwa hataki kuhakikisha. Hakika yaweza kumharibia jawabu.

Katika jumba la Dolmabahçe mjini Istanbul, lililojengwa baina ya mwaka 1843 na 1856 kwa amri ya Sultani Abdülmecid, imetundikwa thurea ya tani 4.5 yenye taa 750. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa ni zawadi ya Malkia Victoria wa Uingereza, na wageni waliambiwa hivyo. Mwaka 2006 ikapatikana risiti yake: ilikuwa imelipiwa yote. Thurea haikupungua hata ratili moja kwa kupatikana karatasi ile, wala taa moja haikuzimika. Lakini kilichobadilika si kidogo. Mwanzo ilikuwa ni alama ya heshima ambayo dola kubwa imeipa dola nyingine, na baada ya risiti ikawa ni alama ya deni. Kwani dola hiyo ilichukua mkopo wake wa kwanza kutoka nje mwaka 1854, jumba likiwa bado lajengwa, na kufika mwaka 1875 ikashindwa kulipa madeni yake, na mwaka 1881 wageni wakawekewa idara yao ya kukusanya kodi za nchi. Hatusemi kuwa thurea moja iliiangusha dola. Vita vilikula zaidi. Twasema kuwa khabari ya kitu ni sehemu ya kitu, na risiti ile yatuambia zaidi kuliko vioo vyote vya ukumbi ule.

Kutokana na mfano huu baadhi ya ndugu zetu huruka upande wa pili wakasema kila thurea ni israfu. Huu ni ukali usio na msingi. Yasimuliwa kuwa Tamim ad-Dari ndiye wa kwanza aliyewasha taa katika misikiti, wala hatukusikia kuwa aliambiwa giza lilikuwa bora. Israfu haipimwi kwa rangi ya kioo. Hupimwa kwa mkono uliotoa: umeacha nini ili kutoa hiki, na nani yuamngojea haki yake wakati wewe wahesabu vikonyo? Mwenye kulipa ada ya wanawe, akatoa zaka yake, akamlipa fundi ujira wake, kisha akatundika thurea ya bilauri ukumbini, hatuna neno naye.

Liko suala dogo ambalo mafundi wa taa hutuuliza, nalo latufurahisha kwa kuwa lafanana na mambo ya bahari yetu. Thurea ya kale haifai kuwashwa kwa nyaya zake za zamani. Ngozi ya nyaya hukauka ikapasuka, na nyumba nyingi zimeungua kwa nyaya kama hizo. Basi fundi hubadili nyaya, hubadili vishikio vya globu, huongeza vikonyo vilivyovunjika kwa vipya, na huenda ikawa thurea ilikuwa ya mishumaa au ya gesi ikatobolewa ili ipitishwe umeme. Jee, bado ni ya kale? Jahazi iliyobadilishwa mbao moja moja kwa miaka thalathini, mkuku, mbavu, mlingoti na tanga, mwenyewe haachi kuiita jahazi ya babake, na bandari nzima hukubali. Twaona kuwa jina laweza kubaki maadamu umbo na kazi vimefuatana bila ya kukatika. Lakini nahodha anayeiuza jahazi hiyo humwambia mnunuzi ni mbao zipi zilizo mpya. Na vivyo hivyo muuza taa. Nyaya mpya si aibu ya kufichwa. Kikonyo kipya kilichotiwa miale ili kifanane na wenziwe, hicho ndicho kitajwe.

Na kwa kuwa biashara hii leo aghlabu hufanywa kwa picha, taa iko ng'ambo na mnunuzi yuko Mombasa, wajue wasomaji wetu kuwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kutosihi kuuza kitu kisichoonekana. Madhehebu nyingine zimekubali kwa masharti, na watu wana haja. Hatutaki kuwatia dhiki. Angalau mnunuzi asilipe yote mpaka ameiona, na haki ya kurudisha iandikwe. Picha ndiyo isiyoaminika kabisa katika mambo ya urujuani, kwani taa moja kwa mwangaza wa asubuhi na kwa mwangaza wa globu huwa na rangi mbili.

Limebaki jambo ambalo hatukuulizwa, nalo kwetu ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Mnunuzi wa vitu vya kale huuliza: ni ya mwaka gani? Aghlabu hasahau hilo. Lakini ni mara chache kusikia akiuliza: ilikuwa ya nani? Zile taa za Mamluki tulizozitaja, chache sana zingali katika misikiti ziliyowekewa wakfu. Nyingi ziko katika Jumba la Sanaa za Kiislamu la Cairo, ambalo lina hazina kubwa kuliko zote za taa hizo, nazo yumkini zimesalimika kwa kuwekwa huko. Na nyingine zimetawanyika katika majumba ya makumbusho ya London, Paris na New York, baada ya kupita mikononi mwa wafanya biashara wa karne ya 19. Kila moja katika hizo iliyokuwa ya wakfu, palikuwa na mtu aliyeishusha kutoka dari ya msikiti akapokea fedha, na mtu aliyelipa asiulize.

Kwetu pia ziko nyumba za ibada na madarasa yaliyotundikiwa taa na waliokwisha kufa, na wauzaji wa vitu vya kale hupita. Hakika Imam Nawawi ametaja kuwa mkeka wa msikiti uliochakaa, na boriti iliyovunjika isiyofaa ila kuwa kuni, kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kuviuza. Huenda mtunzaji wa msikiti akaisikia kauli hii akaitumia kwa thurea. Lakini thurea iliyofifia vumbi si mkeka uliochakaa. Yataka maji, kitambaa na fundi wa nyaya. Basi mwenye kuletewa taa ya kale, iwe ni ya urujuani au nyeupe, na asionyeshwe ilitoka nyumba gani na nani aliyeiuza na kwa idhini ya nani, aiache hapo dukani, hata kama umri wake ni wa kweli na rangi yake ni ya jua.